Imatinibu ya miligramu 400, kidonge cha saratani ya damu

Kaka yangu ni seremala hapa Tanga, na kila siku akishamaliza chakula cha mchana anameza imatinibu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na ndimi ninayemsindikiza kliniki na kumtunzia makaratasi yake. Kwa hiyo dawa hii naijua mezani kwa kaka, na naijua pia kwa kusoma ilikotoka.

Niseme mapema: kwa lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu aliyonayo kaka, sijaona dawa inayostahili sifa kama hii. Kaka alikuja kupimwa bandama likiwa limevimba, anashiba kwa matonge mawili, na usiku shuka linalowa jasho. Alipoanza kidonge hiki hazikupita siku nyingi chembe nyeupe zikashuka, tumbo likanywea, na yeye akarudi kushika randa.

Wala dawa hii haikupatikana kwa kubahatisha. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi ajabu kwenye seli za wagonjwa wa saratani hii. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba kromosomu namba 9 na namba 22 zimebadilishana vipande. Pale vinapoungana, jeni mbili, BCR na ABL, zinakuwa jeni moja, na jeni hiyo inatengeneza protini iliyo kiini cha ugonjwa wote.

Protini ya ABL yenyewe ni kimeng'enya cha kundi la kinasi. Kazi yake ni kuchukua fosfati kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine, ambayo nayo huamsha nyingine, mpaka agizo lifike kwenye kiini cha seli: gawanyika, usife. Seli yenye afya hutoa agizo hilo linapohitajika, kisha hulizima. BCR-ABL ni swichi iliyokwama, taa haizimiki. Hata jambo la kwamba fosfati hubandikwa kwenye tirosini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini, lilikuwa halijulikani mpaka mwaka 1979, Tony Hunter alipoligundua katika Taasisi ya Salk, California. Alikuwa ametumia tena mchanganyiko wa zamani wa maabara ambao asidi yake ilishapanda kidogo, na tofauti hiyo ndogo ikatenganisha vitu ambavyo mchanganyiko mpya ungevionyesha kama kitu kimoja. Wanafunzi wangu hukaa kimya kabisa nikifika hapo.

Kisha wakaja Nicholas Lydon na mkemia Jürg Zimmermann, katika kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, Uswisi. Maabara yao ilitengeneza molekuli, ndiyo imatinibu, inayokaa mahali ambapo ATP ingekaa kwenye ABL. ATP ikikosa nafasi, hakuna fosfati, na agizo linakatika. Brian Druker wa Oregon aliijaribu kwenye seli, akashikilia wagonjwa wapewe. Jaribio la kwanza kwa binadamu lilianza 1998, na kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi, 53 damu yao ilirudi kwenye hali ya kawaida. Marekani iliiidhinisha Mei 2001.

Sasa kasoro. Asubuhi kaka anaamka kope zimevimba, na usiku misuli ya miguu inambana. Akimeza tumbo likiwa tupu, kichefuchefu hakimwachi, kwa hiyo chakula kwanza, kisha kidonge na glasi iliyojaa maji. Siku ambazo koo lilikataa, tulikiyeyusha kwenye maji kama muuguzi alivyotuelekeza. Balungi ameacha kabisa, maana linaweza kuipandisha dawa kupita kiasi kwenye damu. Na mama mjamzito, au anayetarajia kuwa mjamzito, azungumze na daktari kabla ya kuianza, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto.

Kuhusu chapa, kaka anatumia iliyotengenezwa India, si Glivec, chapa asilia ya Novartis, kampuni iliyotokana na Ciba-Geigy, na damu yake imetulia vizuri. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliikatalia Novartis hataza, watengenezaji wa huko wakaendelea kuizalisha kwa bei ya chini mno, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza imatinibu kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Namshukuru Mungu kwa yote mawili.

Kinachoniuma ni vipimo. Hesabu ya kawaida ya damu haitoshi, kwani BCR-ABL inaweza kubadilika umbo. Badiliko liitwalo T315I linaifanya imatinibu ikose pa kukaa, na hapo mgonjwa huhitaji dawa nyingine. Kipimo cha PCR, kinachohesabu nakala za jeni kwenye damu, ndicho kinachoonyesha mapema kwamba BCR-ABL inaanza kupanda tena. Kituo kimoja kilituambia vitendanishi vimekwisha, turudi baadaye, na tuliporudi jibu likawa lilelile. Ilhali mashine ya GeneXpert, inayopima kifua kikuu kote nchini, ina katriji ya BCR-ABL.

Dawa naipa nyota tano, upatikanaji wa vipimo nyota mbili.

Kaka huniuliza, "Mdogo wangu, hii nameza mpaka lini?" Namwambia ukweli: wengi humeza maisha yao yote, na katika utafiti mkubwa wa kimataifa asilimia 83 ya walioanza na imatinibu walikuwa hai baada ya miaka 10. Wapo walioruhusiwa kuacha, baada ya PCR kukaa chini sana kwa miaka, tena wakiendelea kupimwa kwa karibu. Kwa hiyo, ukiandikiwa kidonge hiki, omba jibu la PCR kwa maandishi, lenye asilimia na tarehe, na ulitunze mwenyewe. Ukihamia kliniki nyingine, daktari mpya ataanza kwa kukuuliza karatasi hiyo.