Popi alikula sumu ya panya: uzoefu wangu na kliniki iliyomtibu

Wengi wetu hapa Arusha kliniki ya mbwa tunaijua kwa chanjo ya kichaa na dawa ya kupe, basi. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka mpangaji mwenzetu alipotega sumu ya panya nyuma ya stoo na mbwa wetu Popi akaifikia.

Nilipopiga simu, daktari aliuliza kwanza kuhusu pakiti. "Dada, njoo nayo hata kama imechanika. Na usimnyweshe kitu njiani, si maziwa wala chumvi." Majirani walikuwa wameshaleta maziwa. Maziwa hayaiondoi sumu mwilini, na chumvi nyingi yenyewe inaweza kumuua mbwa.

Pakiti ndiyo iliyoamua matibabu. Iliandikwa brodifakumu, sumu inayozuia damu kuganda. Ingekuwa zinki fosfaidi, ule unga wa kijivu kuelekea weusi, hali ingekuwa mbaya zaidi: ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache, na haina dawa yake maalumu. Hata anayemhudumia lazima awe mahali penye hewa ya kutosha, maana gesi hiyo inamdhuru binadamu pia. Ndiyo maana sumu zinazouzwa mitaani kwenye vikaratasi visivyo na lebo zinanikasirisha. Daktari ataanzia wapi?

Walimchoma sindano ya kumtapisha. Matapishi yalitoka na vipande vya bluu vilivyolainika kama chaki iliyolowa, daktari akavipekua kwa kijiti na kuvilinganisha na vilivyobaki kwenye pakiti. Kisha wakamnywesha mkaa maalumu wa dawa, ambao si mkaa wa jikoni. Bahati nzuri tuliwahi, kwa sababu kutapisha kunasaidia zaidi katika saa chache za mwanzo.

Popi alikuwa amechangamka, anatikisa mkia, na mume wangu akauliza kama tungeweza kuondoka naye yakaisha. Daktari alimketisha akamweleza vizuri, na hapo ndipo waliponivutia zaidi. Ini hutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu, na vitamini hiyo hurudiwa kutumika tena na tena. Sumu hii huvunja mzunguko huo. Protini zilizokwisha kutengenezwa zinamsitiri mbwa kwa siku mbili tatu, wakati mwingine tano, anakula na kucheza, halafu anaanza kuvuja damu ndani kwa ndani: ufizi unapauka, anahema kwa shida, anachechemea, kinyesi kinakuwa cheusi. Alitufundisha kumbonyeza ufizi kwa kidole na kuangalia kama rangi inarudi haraka.

Dawa yake ni vitamini K1, ile ile wanayochomwa watoto wachanga hospitalini. Popi aliandikiwa vidonge vya wiki nne kwa sababu brodifakumu hukaa kwenye ini muda mrefu. Vinataka chakula chenye mafuta ili vifyonzwe vizuri, kwa hiyo nilikuwa navificha ndani ya kipande cha nyama ya mafuta. Walinionya pia nisikubali kuuziwa K3 badala yake, kwani haifanyi kazi hiyo.

Dozi ilipoisha walitaka arudi saa 48 baada ya kidonge cha mwisho, wapime muda wa damu kuganda. Nilishukuru sana kwa hilo. Mtu anaweza kumaliza dawa, akamwona mbwa mzima, kumbe sumu bado ipo na damu inaanza kushindwa kuganda upya. Majibu ya Popi yalikuwa safi.

Lakini yapo ya kurekebisha. Vidonge ni ghali, na kliniki ilikuwa navyo vichache. Vingine nilivisaka kwenye maduka ya dawa za binadamu, na wangeniambia siku ya kwanza ningejipanga mapema. Kubwa zaidi, usiku simu yao haipokelewi. Sisi yalitukuta mchana. Aliyekutwa na jambo hili saa nne usiku atafanyaje? Nimewaomba wabandike getini namba ya daktari wa zamu. Kwa sasa nawapa nyota nne. Namba ikibandikwa, nitaongeza ya tano.