Ryzen 7 5700X3D: prosesa ya kuipa pumzi bodi ya AM4

AMD waliitoa Januari 2024. Mwenye bodi ya B450 (yenye soketi ya AM4, tundu la kukalia prosesa) na prosesa ya zamani ya Ryzen 5 2600 anapanda daraja bila kugusa bodi wala ramu. Ina viini 8, na kache ya L3 (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ni MB 96 dhidi ya 16 za 2600. Kache hiyo ndiyo unayolipia. Data za gemu hukaa karibu, na prosesa haiisubiri ramu kila mara.

Pima kwanza. Zima V-Sync (mpangilio unaozuia fremu zisizidi kasi ya skrini), kisha shusha rezolusheni kutoka 1440p hadi 720p. Fremu (picha kwa sekunde) zikipanda sana, kinachobana ni kadi ya grafiki, kwa hiyo hela yako ipeleke huko. Zikibaki palepale na kadi inatumika asilimia 60 tu, prosesa ndiyo inayochelewesha. Kwa kadi ya RTX 4060 kwenye 1080p, 2600 huibana kadi waziwazi. Kwenye 4K usitarajie maajabu, maana huko kadi ndiyo hubana.

Sasa kero zake. Boksi haliji na feni, na ile ndogo ya 2600 (prosesa ya wati 65) haifai kwa hii ya wati 105. Sasisha BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta) prosesa ya zamani ikiwa bado imefungwa, la sivyo skrini itabaki nyeusi. Ukitaka kutoa feni ya zamani, washa kompyuta dakika chache pesti (dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni) ilainike, izime, chomoa umeme, kisha zungusha feni taratibu. Ukiivuta ikiwa baridi, prosesa huweza kung'oka nayo na pini kupinda. Wauzaji wachache hukwambia hilo.