Mafuta ya samaki kwa mbwa mwenye yabisi ya viungo: uzoefu wangu na Bosi

Bosi ni chotara wa German Shepherd, kilo 30, na miaka kumi ameshaivuka. Mbwa wa damu hiyo husumbuliwa sana na nyonga. Baridi ya Arusha ya mwezi wa sita na wa saba ikiingia, alikuwa anaamka amekakamaa, anachechemea mpaka jua likolee. Ngazi za barazani alikuwa anazitazama kwanza, kama anapiga hesabu, ndipo apande. Daktari wa mifugo alimkunja na kumkunjua miguu ya nyuma, akasema gegedu limelika na halirudi tena. Akamwandikia meloxicam, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, na juu yake akashauri mafuta ya samaki.

Mafuta ya mbwa hasa, kwa huku, mpaka uagize. Nikachukua ya binadamu, vile vidonge laini vya njano vya duka la dawa. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo hela nyingi zinapopotelea. Mbele ya kopo imeandikwa 1000 mg kwa maandishi makubwa. Hayo ni mafuta yote kwa jumla. Kinachotuliza uvimbe wa viungo ni EPA na DHA, zile omega-3 zilizomo ndani ya mafuta, na ukigeuza kopo la kawaida utakuta EPA 180 na DHA 120, basi. Miligramu 300. Daktari wetu alipiga kwa miligramu 100 za EPA na DHA kwa kila kilo ya mbwa kwa siku, kiwango kinachotumika sana kwa tatizo hili. Kwa Bosi ni 3000, yaani vidonge kumi kila siku! Anayempa mbwa mkubwa kidonge kimoja kisha akasema mafuta haya ni utapeli, hajayajaribu bado.

Nilihamia vile vilivyokolezwa, EPA na DHA zaidi ya 600 kwa kidonge. Kopo ni ghali, lakini ukigawa bei kwa miligramu za EPA na DHA, badala ya idadi ya vidonge, tofauti inapungua sana. Na kutoboa vitano juu ya ugali na dagaa kuna nafuu kuliko kutoboa kumi. Mikono itanuka, na pumzi ya mbwa vilevile, zoea tu.

Tulianza na kimoja, tukapanda taratibu. Kila nilipoharakisha, choo kilikuwa laini, nikarudi nyuma kidogo.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Kuelekea wa tatu ndipo nilipomwona anainuka kwa mara moja badala ya kujivuta, na ngazi anazipanda bila kusita. Kukimbiza bodaboda, hapana, hiyo imekwisha. Daktari alimpunguzia meloxicam baada ya kumpima tena, usipunguze mwenyewe. Ila sifa zote siwezi kuyapa mafuta, kwa sababu kipindi hicho hicho tulimpunguzia ugali akapungua uzito, na nyonga mbovu hupumua mzigo ukipungua. Kumbuka pia mafuta yenyewe yana kalori 9 kwa kila gramu.

Jirani aliniuliza kwa nini nisimwongezee dagaa tu. Dagaa anakula na anawapenda, lakini sina namna ya kujua kwenye bakuli kuna miligramu ngapi, na wengine wana chumvi nyingi.

Usichukue mafuta ya ini la samaki ukidhani ni kitu kimoja. Yale yana vitamini A na D, na kwa kiwango hiki yatamlimbikizia mbwa mpaka yamdhuru. Ibuprofen ya nyumbani usimpe kabisa, inatoboa tumbo na kuua figo. Na kama mbwa anakwenda kufanyiwa upasuaji, mwambie daktari kuwa anatumia mafuta haya, maana yanaweza kupunguza kasi ya damu kuganda.

Mafuta ya samaki huchacha haraka kwa joto na mwanga, kwa hiyo nanunua kopo dogo na kuliweka kwenye friji. Duka moja liliniuzia kopo lililokuwa limepangwa dirishani, juani. Nilitoboa kidonge pale pale kaunta, harufu ikamfikia hata muuzaji. Akanibadilishia bila ubishi. Siku hizi nanunua kwingine, na bado nanunua.