Kaduka ka riso Ngamiani: mwalimu wa Kiingereza, homuweki za wiki nzima peleka pale

Naandikia walimu wa form one na form two hapa Tanga, hasa sie wa Kiingereza, maana wenzangu wameniuliza sana zile karatasi za homuweki nachapia wapi. Ni kaduka kadogo tu Ngamiani, barabara ya nane, bango hawajaweka hadi leo, ila ukifika mtaa ule uliza pale kwenye riso, yaani mashine ya kudurufu, utaonyeshwa.

Hali yangu iko hivi. Nina mikondo miwili ya form one, watoto 128 kwa jumla, kitabu cha kiada wanashea wanne wanne. Sasa ukimwambia mtoto nenda nyumbani kafanye zoezi la ukurasa fulani, kitabu kiko kwa nani? Basi mwaka juzi wote nilikuwa naandika maswali ubaoni dakika 15 za mwisho, na kipindi chenyewe ni dakika 40, watoto wanakopi mbiombio, mwingine anaruka neno, kesho yake unasahihisha swali ambalo hata hukuliuliza. Andalio la somo limenyooka, mwalimu wa taaluma kasaini, lakini darasani muda unaliwa na chaki. Iliniuma sana aisee, kwa sababu hawa watoto wametoka shule za msingi za Kiswahili, Kiingereza kule kilikuwa somo moja tu, huku masomo mengine karibu yote yanawasubiri kwa lugha hiyohiyo.

Nikajaribu kutoa kopi za kawaida stesheneri nyingine mjini, 100 kwa kopi. Hata nikibana maswali nusu karatasi, homuweki nne kwa wiki inafika 25,600. Kwa mshahara gani?

Hapa Ngamiani wana mashine ya riso, ile ya kudurufu mitihani. Kwa ambaye hajaiona inavyofanya kazi, mashine inatoboa ukurasa wako kwenye masta, yaani karatasi nyembamba maalumu, masta inajiviringisha kwenye dramu lenye wino, halafu karatasi zinapita mbio mbio. Kwahiyo gharama kubwa ipo kwenye masta, ukishailipia kila karatasi inayoongezeka ni hela ndogo sana. Mie wananichaji 2,000 kwa masta na 20 kila karatasi inapopita, rimu nakwenda nayo ya shule. Ukurasa mmoja naweka homuweki ileile mara mbili, wanakata katikati, mbele ya Jumatatu nyuma ya Jumanne, karatasi nyingine Jumatano na Alhamisi. Wiki nzima ni masta nne, kila karatasi inapita mara mbili, jumla 13,120, karatasi zenyewe 128 tu. Ila kama una watoto 20 usiende na riso, haitakulipa, hapohapo wana mashine ya kopi.

Lakini bei siyo iliyonifanya niandike yote haya. Ni yule kaka anayechapa, anasoma kazi yako. Kuna wiki nilikuwa na past simple, wakati uliopita, nikaandika kifungu kifupi cha mkonge, kwamba yule Mjerumani Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida, mingi ikafa njiani, ikapona 62 tu, ikapandwa huku kwetu Pangani. Brought, died, survived, planted, vitenzi vyote nilivyovitaka vimo. Kaka akatoa karatasi ya kwanza, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akawa anashuka na kidole mstari kwa mstari, akasimama. "Madam, hapa umeandika 1983. Mkonge si ulikuja 1893? Babu yangu alikuja Korogwe kukata mkonge kabla ya uhuru." Masta ilishatobolewa, ningekuwa mtu mwingine angenyamaza akachapa zote. Nikarekebisha palepale kwenye kompyuta yao, masta ya pili akanitoza nusu. Fikiria watoto 128 wangekwenda nyumbani na mwaka ule, na mimi mwalimu wao ndo niliyeuandika!

Na uchapaji ukiwa safi unaweza kupanga wiki kwa uhuru. Jumatano yangu ndo ngumu kuliko zote, ni siku ya -li- na -me-. Watoto wetu "nilikula" na "nimekula" hawachanganyi, basi nachora safu mbili, kushoto sentensi za Kiswahili, kulia mstari mtupu wajaze I ate, I have eaten, wanakwenda vizuri mpaka wanafika ya mwisho: "Bibi amekwenda Pangani juzi." Kwetu mtu anasema hivyo na anaeleweka, kwa hiyo mtoto anaandika Grandmother has gone to Pangani the day before yesterday, na hapo ndipo somo la Alhamisi linapoanzia, kwamba ukishataja juzi Kiingereza kinataka went. Zoezi kama hilo ubaoni huwezi, safu zinapinda na mtoto wa nyuma haoni. Alhamisi nina vipindi viwili mfululizo, namalizia na he na she, maana kwetu yeye ni yeye, ndo unakuta my mother he.

Homuweki zangu ni maswali matano, hazizidi. Watoto wengi wakitoka shule wanakwenda madrasa, wengine wanasaidia biashara nyumbani, ukiwapa maswali 20 unawafundisha kunakili kwa mwenzao asubuhi.

Kasoro zipo. Picha usipeleke, ramani ya Tanga ilitoka doa jeusi tupu. Wino ukiwa mbichi unashika vidole na kuhamia karatasi ya juu yake, usizibebe palepale zimebanana. Umeme ukikatika ndo basi, jenereta hawana. Na kuna siku upande wa nyuma walinichapia kichwa chini, rundo zima, nikaudhika kwelikweli, ila walirudia zote kwa karatasi zao bila kubishana.

Ijumaa wanafunga saa sita kwenda kuswali, wanafungua kama saa nane. Mie napeleka flashi Alhamisi jioni, Jumamosi asubuhi nakuta zimekauka, zimekatwa, zimefungwa mafungu mawili kwa mkondo. Flashi yako ibandike jina, kwenye ile droo zimejaa nyeusi tupu zinafanana zote.