Uchambuzi wa bidhaa: Muscadet ya euro 8 kutoka shamba la familia karibu na Nantes

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Chupa mnayoiona mezani leo ni ya mvinyo mweupe uitwao Muscadet Sèvre et Maine sur lie, mavuno ya 2022, wenye kilevi asilimia 12. Niliinunua kwa euro 8 mlangoni mwa ghala la familia moja inayolima mizabibu kusini-mashariki mwa jiji la Nantes, magharibi mwa Ufaransa, mahali ambapo mto Loire unakaribia kumwaga maji yake baharini. Nimeilipia kwa fedha yangu, na wenye shamba hawajui kwamba ninawazungumzia. Kwa hiyo sitalitaja jina lao, na ninayoyasema mtaweza kuyapima katika chupa nyingi za eneo hilo. Mtazamaji ambaye hatumii kileo, au ambaye umri wake haujamruhusu, namwomba radhi. Tutaonana katika uchambuzi ujao.

Kabla sijazibua, tuisome lebo, kwa sababu katika chupa za bei hii lebo ndiyo inayomnusuru mnunuzi. Mwaka jana nilichukua chupa ya Muscadet katika duka kubwa, iliyochorwa kasri la kifahari, nikaambulia kitu kilichofanana na maji yaliyokamuliwa nusu ya ndimu. Kosa lilikuwa langu, maana nililitazama kasri badala ya kuyasoma maandishi. Muscadet si kampuni, na wala msiichanganye na Muscat, ambayo ni zabibu nyingine kabisa yenye harufu ya maua. Ni jina la mvinyo wa eneo maalumu; Sèvre na Maine ni mito miwili inayopita humo, na jina hili la pamoja linalindwa kisheria tangu 1936. Lakini ndani ya jina hilohilo yumo mfanyabiashara anayenunua mvinyo kwa wakulima wengi na kuuchanganya, na yumo pia mkulima anayevuna, kukamua na kujaza chupa mwenyewe. Hapa chini, kwa herufi ndogo, pameandikwa mis en bouteille à la propriété, yaani umejazwa shambani kwenyewe, na juu ya kifuniko pana mchoro wa mtu aliyebeba pipa begani, ambao ni alama ya chama cha wakulima wa mvinyo wanaojitegemea. Ningekuwa na sekunde 10 tu dukani, ningetafuta hayo mawili na neno sur lie.

Neno hilo ndilo kiini cha chupa hii. Maji ya zabibu yakishachachuka, hamira iliyofanya kazi hiyo hufa na kutuama chini ya chombo, ikawa mashapo meupe mazito kama tui lililoganda. Kwa kawaida wengi huuhamisha mvinyo mapema ili kuuepusha na mashapo hayo. Watu wa Nantes huuacha juu yake kipupwe chote, bila kuuhamishia chombo kingine, na kuujaza kwenye chupa moja kwa moja kutoka hapo. Mashapo huukinga mvinyo usichakazwe na hewa, huupa uzito kidogo mdomoni, na huuachia harufu ya mkate.

Nilipofika ghalani nilitazamia kuona mapipa ya mbao, nisione hata moja. Mama aliyenipokea alinionyesha sakafu. Tulikuwa tumesimama juu ya mvinyo: chini yetu kulikuwa na matangi ya saruji yaliyochimbiwa ardhini na kutandikwa vigae kwa ndani, kama ilivyo desturi ya eneo hilo, na juu ya kila tangi kulikuwa na mfuniko wa duara usiozidi upana wa sinia. Akaufunua mmoja na kumulika kwa tochi. Harufu iliyopanda ilikuwa ya unga wa mkate ulioumuka usiku kucha. Ardhi huyaweka matangi hayo katika ubaridi usiobadilika sana, nayo mashapo yanalala bila kusumbuliwa. Isitoshe, pipa jipya la mwaloni ni ghali, na mbao zake zingeifunika ladha nyepesi kama hii.

Sasa namimina. Rangi ni hafifu mno, karibu na maji, ila mkiiweka glasi mbele ya karatasi nyeupe mtaona umanjano wenye kijani kwa mbali. Angalieni ubavuni mwa glasi: kuna vitone vidogo vya hewa vilivyong'ang'ania kioo. Hiyo si kasoro. Ni gesi ya uchachukaji iliyobaki kwa sababu mvinyo haukuhamishwahamishwa. Puani napata tufaha bichi, ganda la ndimu na, nyuma yake, ule mkate. Mdomoni kwanza ulimi unachomwachomwa kidogo na gesi, kisha unafuata uchachu safi, na mwishoni inabaki ladha inayokaribia chumvi, kama midomo ya mtu aliyekaa ufukweni.

Hata hivyo, nilipoionja mara ya kwanza, dakika moja tu baada ya kuitoa kwenye friji, sikupata lolote kati ya hayo, nikaanza kuwalaumu wenye shamba moyoni. Ubaridi mkali huiua ladha. Baada ya robo saa mezani, ilipofika nyuzi 10 hivi, mvinyo ulifunguka. Nashuku Muscadet nyingi hulaumiwa kwa kosa la friji.

Zabibu yenyewe inaitwa Melon de Bourgogne. Ilitoka mashariki mwa Ufaransa na ikaenea sana huku baada ya kipupwe kikali cha 1709 kuua mizabibu mingi, kwa kuwa yenyewe ilistahimili baridi. Nao wafanyabiashara wa Kiholanzi walihitaji mvinyo mweupe mwingi wa kutengenezea pombe kali. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba Melon na Chardonnay, zabibu ya mvinyo mweupe inayojulikana dunia nzima, ni ndugu wa baba na mama mmoja, yaani zabibu za Pinot na Gouais Blanc. Mmoja akatajirika, mwingine akabaki kuuzwa euro 8. Udhaifu wa Melon ni kuchipua mapema, kwa hiyo jalidi ya Aprili huweza kuondoka na mavuno ya mwaka mzima kwa usiku mmoja au miwili, kama ilivyowakuta wakulima wengi wa eneo hilo mwaka 2021. Kwa familia inayoishi kwa shamba moja, bei hii haiachi akiba kubwa ya kuvukia mwaka wa namna hiyo.

Kuhusu chakula, wenyeji watawaambia chaza wabichi, na hawakosei. Mimi nilijaribu changu jikoni. Samaki wa kukaanga mkavu, mwenye chumvi na ndimu, alipatana nao vizuri sana, kwa sababu uchachu uliyakata mafuta na kila tonge likawa kama la kwanza. Samaki wa kupaka ulikuwa msiba: tui na bizari viliumeza mvinyo wote, nikabaki na kitu kisicho na ladha. Kwa mchuzi wa nazi afadhali Chenin Blanc, zabibu nyingine ya bonde hilohilo la Loire, ambayo Watanzania wanaifahamu kwa kuwa inalimwa Dodoma. Hiyo ina mwili wa kushindana na tui.

Kasoro ninazo mbili. Ladha haidumu mdomoni. Ukishameza, baada ya sekunde chache imeondoka. Pia uchachu wa chupa hii ni mpole kuliko nilivyozoea kwa Muscadet, jambo ninalolihusisha na kiangazi cha 2022, kilichokuwa cha joto kali nchini Ufaransa. Anayependa mvinyo mkali wa kukunja uso ataiona laini mno. Anayetaka ladha ya kudumu aongeze fedha kidogo na kutafuta chupa zenye majina ya vijiji kama Clisson au Gorges, ambazo hulazwa juu ya mashapo kwa miaka miwili na zaidi.

Nusu iliyobaki niliizibia na kuirudisha kwenye friji. Siku ya pili vitone vya gesi vilikuwa vimepungua, lakini harufu ya mkate ilizidi, na nikaipenda zaidi kuliko siku ya kwanza. Siku ya tatu nilimimina kilichosalia juu ya kome waliokuwa wakichemka na kitunguu, nikafunika sufuria kwa dakika 4.