Mbeleko ya vifungio, mtoto akitazama mbele: uzoefu wangu

Kwa mkao huu nimetumia mbeleko mbili: ya vifungio yenye mkanda mpana wa kiunoni, na ya kitambaa kirefu kinachovutika. Ya kwanza inafaa, kwa masharti. Ya pili siitaki hata kwa bure.

Kitambaa kinachovutika hufuata uzito unakoelekea. Mtoto akiona kuku anajirusha mbele, kitambaa kinalegea, makalio yanateremka, anabaki amekalia msamba huku miguu ikining'inia. Khanga nayo ibaki kazi yake ya mgongoni, uso wa mtoto ukiuelekea mgongo wako.

Ya vifungio ina velkro (kifungio cha kunata na kubanduka) ya kupunguza upana wa kikalio. Punguza kidogo tu. Kikiwa chembamba kama utepe, mapaja hayana pa kuegemea. Funga mkanda juu ya mifupa ya nyonga, mkalishe mgongo wake ukigusa kifua chako, kunja kipande cha shingo kiwe chini ya kidevu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanakimbilia kukaza mikanda ya mabegani. Kwanza ingiza mkono, shika mapaja kwa chini, yainue mpaka makalio yazame na magoti yalingane nayo au yapande kidogo. Ndipo ukaze. Vidole viwili vipite kati ya kidevu na kitambaa, na utosi uweze kuubusu bila kuhangaika. Inama kidogo ukimshikilia: mgongo wake ukiachana na kifua chako, bado umelegeza.

Kabla ya miezi 6 simgeuzi, na hata baada ya hapo shingo iwe imekaza kabisa. Dakika 20 zatosha, 30 mwisho. Kope zikianza kulegea, mrudishe akutazame. Akisinzia kichwa huanguka mbele, kidevu kikagota kifuani na njia ya hewa ikabanwa. Akianza kugeuza uso na kulalamika, kelele zimemzidi na hana pa kujificha. Jikoni usiingie naye hivyo: mikono yake hufika kwenye sufuria kabla yako.

Kasoro zake: jua linampiga usoni, kiuno kinalalamika mtoto akifika kilo 8 hivi, na kipande cha shingo hulowa udenda. Ukiifua, funga velkro kwanza, la sivyo itakwangua kitambaa chote.