Daraja ya M-Pesa, kwa mwandishi wa programu anayetaka kujitegemea

Wenzangu mnaoandika programu za watu kwa mshahara, kabla hujaanza kuhesabu siku za kuacha kazi, jifunze Daraja, ile API ya M-Pesa (njia ya programu yako kuzungumza na M-Pesa) ambayo Safaricom waliwafungulia waandishi wa programu mwaka 2017. Programu inaweza kuwa nzuri namna gani, lakini mteja asipoweza kukulipa kwa simu yake, wewe bado ni wa mwajiri.

Programu yangu ni ya bili za maji za nyumba za kupanga, Kitengela. Keateka, yaani mtunza nyumba, anasoma mita, anaingiza namba, mpangaji anapata ombi kwenye simu, anaweka PIN, amelipa. Kujisajili Daraja ni bure, na upande wa majaribio unapewa Paybill (namba ya biashara ya kupokelea malipo) ya kujifunzia, 174379, kabla hujagusa shilingi ya mtu. Maelezo ya STK push, yaani lile ombi la malipo linalotokea kwenye simu, nimeyaelewa usiku, nikiwa nimetoka kazini hoi. Chunga mambo madogo: namba ya simu ianze na 254, si 07; kiasi kiwe shilingi kamili, bila senti; tokeni, yaani kibali cha muda cha kuingia Daraja, huisha baada ya saa moja. Jibu la mwisho la malipo likirudi na 0, pesa imeingia. Likirudi na 1032, mpangaji ameghairi. Tafadhali usitume risiti eti kwa kuwa ombi limepokelewa! Ombi kupokelewa si kulipwa.

Ukitaka kuanza kupokea pesa za kweli, lazima kuwe na Paybill au Till (namba ya dukani ya kupokelea malipo) halisi. Nashauri iwe ya mwenye nyumba mwenyewe, nawe umtoze ada yako ya mwezi kando. Pesa za watu zisilale kwako.

Mwajiri wangu sina ugomvi naye, ananilipa vizuri. Lakini akibadili mawazo asubuhi moja, kipato changu chote kimekwenda. Mwenye nyumba mmoja akiondoka, wengine wapo. Ndiyo maana kazi hii naifanya kwa laptopu yangu, baada ya saa za ofisi: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwajiri kile unachokiandika katika kazi yake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kasome kandarasi yako kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Kwa sasa ada za wenye nyumba zinanilipia kodi, na karo ya mtoto imebaki kidogo. Ikikamilika, natoa notisi ya siku 28, kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi.